Ziara ya miamba ya Tendaguru kutokea Lindi mjini: inalipa, ila ujue unachoendea

Wadau wa kusini, hasa walimu wenzangu wa jiografia wa Mtwara na Lindi, kila mara mtu ananiuliza inboksi hii ziara ya Tendaguru inayotokea Lindi mjini ikoje, gari gani, hela inaenda wapi, basi naweka yote hapa. Mi nasema nendeni. Tena mkiweza pelekeni wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaosumbuka na mada ya miamba, maana darasani tunachora mistari minne ubaoni, tunasema tabaka la chini ndilo la zamani zaidi, tunafuta, kengele inalia, mtoto anaondoka hajui nani alisema tabaka lile lina miaka mingapi wala alijuaje.

Ila ujue unachoendea. Ukienda na picha kichwani kwamba utakuta mifupa ya mjusi mkubwa, yaani dinosaria, imesimama porini utarudi umenuna, kwa sababu yule mjusi yupo Berlin, makumbusho ya huko wamemsimamisha urefu wa mita 13.27 mpaka kichwani. Tendaguru yenyewe leo ni kilima tu, kichaka, nyasi, mashimo ya zamani yaliyojifukia na makorongo. Unachomlipa yule mzee anayeongoza ni maelezo, na kwa maelezo kwakweli sijaona mwingine ukanda huu. Amewahi kufanya kazi za kuchoronga miamba miaka mingi, anaongea taratibu, na swali lako analichukulia kwa uzito hata kama ni la kitoto.

Usafiri kwanza. Bei wanaweka kwa gari zima sio kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wawili itawauma, mkijaza Land Cruiser mkonga inakuwa ya kawaida tu. Usikubali kupelekwa na Noah hata wakikuambia barabara imechongwa, kule kuna tifutifu na mchanga unaomeza tairi, na masika usijaribu kabisa. Sisi tulitoka Mtwara jana yake tukalala Lindi, nawashauri mfanye hivyo hivyo. Walitukawiza asubuhi, tuliambiwa alfajiri gari ikaja jua limeshapanda, na hilo kwenye ziara ya kwenda porini ni kosa kubwa, saa mbili mnazopoteza asubuhi mnazilipia saa nane mchana mkiwa kwenye korongo halina kivuli. Kingine, hela ya mwenyeji wa kijijini wa kutupitisha njia haikutajwa mapema, tuliikuta huko huko. Sio nyingi, na mwenyeji anastahili kabisa, ila semeni kabla jamani.

Kutoka Lindi mjini mpaka kilimani ni kama kilomita 60 kuelekea kaskazini magharibi, na mzee njia nzima anawapa historia. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mfupa mkubwa umechomoza njiani, 1907 akaja mtaalamu wa visukuku Eberhard Fraas kuangalia, halafu 1909 mpaka 1913 ndio ukawepo ule msafara mkubwa wa Werner Janensch na Edwin Hennig, zaidi ya tani 220 za mifupa zikatoka hapo kwa vichwa na mabega ya wazee wetu mpaka bandari ya Lindi. Nilichopenda, mzee hakuishia kwa Wajerumani. Alimtaja Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, ambaye jina lake lilikuja kupewa mjusi mmoja mwaka 2007, Australodocus bohetii, na akamtaja Mohammadi Keranje ambaye jina lake pamoja na la Wamwera liko kwenye Wamweracaudia keranjei ya mwaka 2019. Wanafunzi wetu wanajua jina la Janensch kwa sababu ya mtihani, hawa wa kwetu hawawajui, na hapo tu mi nilishaona nauli yangu imerudi.

Sasa tuje kwenye kiini cha ziara, maana ndiko nilikotaka kufika.

Mkifika korongo la kwanza mzee hasemi kitu. Anatoa jembe dogo, anakwangua ukuta wa korongo toka juu mpaka chini upana kama wa mlango, anamwagia maji ya chupa, halafu anawaambia walimu semeni mnachoona. Pale ulipokuwa unaona udongo tu unaanza kuona kumbe kuna mchanga mgumu wa rangi ya kijivu, chini yake tope lililogandamana jekundu jekundu, halafu tena mchanga. Alitupa kila mmoja kichembe cha lile tope tukitafune kwa meno ya mbele. Kama linakwaruza meno ni chembe za mchangatope, kama ni laini tupu kama siagi ni mfinyanzi. Mwalimu mwenzetu alikataa kidogo, mzee akamwambia mwanangu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kila mwanajiolojia kabla hajabeba mfuko kwenda maabara. Kisha akadondosha siki kwenye unga aliokwangua kwenye tabaka lenye makombe ya baharini, ukachemka vipovu vidogo, yaani kuna chokaa hapo, yaani bahari ilifika hapa. Na ukipewa lensi unaliona kombe lenyewe lina mistari iliyojipanga.

Hapo ndipo akaanza kufundisha namna ya kutoa jina, na hii sehemu nimeiandika yote kwenye daftari. Anasema mwamba haupewi jina kwa sababu ni mzuri wala kwa sababu una mifupa. Kipimo kikubwa ni je unaweza kuutambua kwa macho ukauchora kwenye ramani, mpaka wake wa chini uko wapi, wa juu uko wapi. Ukishaweza hivyo unachagua sehemu moja ambayo inaonekana vizuri kuliko zote unasema hii ndiyo ya mfano, anayebisha aje hapa, unachukua jina la mahali jirani, unapima unene, unaandika yote unachapisha watu wasome. Hiyo ndiyo fomesheni. Fomesheni ikigawanyika ndani unapata memba, na fomesheni kadhaa zinazoendana zikiunganishwa unapata kundi. Usipochapisha jina lako linabaki la mtaani tu.

Na Tendaguru ni mfano mzuri sana wa hilo maana kwa karibu miaka mia watu walikuwa wanasema tu tabaka za Tendaguru, kila mtu anazikata anavyoona. Mwaka 2000 ukaja msafara wa pamoja wa Wajerumani na Watanzania, na 2009 ndio ikachapishwa rasmi kwamba hii ni Fomesheni ya Tendaguru, ina memba sita. Kuanzia chini kuna memba ya dinosaria ya chini, halafu ya Nerinella ambayo ni konokono wa baharini, halafu dinosaria ya kati, halafu ya Indotrigonia africana ambayo ni kombe, halafu dinosaria ya juu, na ya mwisho juu kabisa ni ya Rutitrigonia, makombe tena. Mkiangalia hapo mnaona mpangilio, mifupa, bahari, mifupa, bahari, mifupa, bahari. Mzee anawafanya mrudie kwa sauti mpaka muweze, tulikuwa watu wazima tumesimama juani tunataja makombe na hakuna aliyechoka.

Ule mpangilio ndio unaotoa umri. Mifupa ya dinosaria peke yake haisaidii sana kupanga umri, ila zile tabaka za bahari katikati zina amonaiti, wale viumbe wa baharini wa kale wenye makombe yaliyojiviringisha, na vijidudu vya kuonekana kwa hadubini ambavyo viliishi muda mfupi na kusambaa duniani, kwa hiyo ukivikuta Lindi ukavikuta na Ulaya unajua tabaka hizi mbili ni za wakati mmoja. Ni sawa na kuangalia picha ya zamani ya harusi isiyo na tarehe, mama zetu wakiona kanga waliyovaa watu wanakwambia hii ni miaka fulani, kwa sababu ile doti ilivuma ikapita. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya Tendaguru imewekwa Jurasiki ya mwisho, mzunguko wa miaka milioni 150, na ile memba ya juu kabisa ikaingia Kretasia ya mwanzo, enzi inayofuata Jurasiki.

Mwalimu mmoja akauliza, Mzee sasa hiyo milioni 150 yenyewe imetoka wapi, kombe halijaandikwa mwaka. Swali zuri, na mzee akasema tulia mwanangu tukifika kivulini nakujibu.

Chini ya mkorosho akafungua kiboksi chake cha mbao. Mle ana vipande vya jivu la volkano lililokuwa mwamba, vimetoka upande wa Songwe na Mbeya, vyepesi, vya kijivu kilichofifia, ukivisugua vinatoa unga. Hapa Lindi hatuna volkano, ndio maana anatembea navyo. Kombe linakwambia nani alitangulia na nani alifuata, lakini miaka yenyewe inatoka kwenye jivu. Ndani ya jivu mnakuwa na fuwele ndogo sana za zikoni, nyingi huzioni kwa macho. Zikoni ikiwa inajijenga ndani ya uji wa volkano inapokea madini ya urani lakini inaikataa risasi, ile metali, haina nafasi nayo. Baada ya hapo urani inaanza kugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika, na urani iko ya aina mbili, nusu ya urani 238 kugeuka inachukua miaka bilioni 4.47, na nusu ya urani 235 inachukua kama milioni 704. Kwa hiyo risasi yote utakayoikuta mle imezaliwa humo humo, unapima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapiga hesabu. Na kwa vile aina hizo mbili ni kama saa mbili za ukutani ndani ya punje moja, zikikubaliana una uhakika, zikigombana ujue punje imevujisha kitu.

Mwalimu wa kemia aliyekuwa nasi alimbana, Mzee na kama mto ulizoa zikoni za zamani ukazimwaga kwenye tabaka jipya? Akajibu vizuri sana. Akasema ndio maana unatofautisha jivu lililodondoka likatulia pale pale na mchanga uliosafirishwa. Kwenye mchanga uliosafirishwa punje ya zikoni iliyo changa kuliko zote inakwambia kitu kimoja tu, kwamba tabaka halijazidi umri huo, linaweza kuwa changa zaidi. Kwenye jivu lililotulia unapata umri wa siku ile mlima ulipolipuka. Na tabaka lisilo na jivu unalibana kati ya jivu la chini yake na la juu yake. Ile milioni 150 ya Tendaguru ni hivyo hivyo, makombe na amonaiti ndio wametuunganisha na tabaka za kwingine duniani zenye miaka iliyopimwa.

Halafu akatoa mfano wa Songwe ambao mi naona ndio bora kuliko yote ya siku ile, na ningependa waupe muda zaidi. Kule bonde la Rukwa kuna miamba ya mchanga mwekundu iliyolazwa pamoja na jivu, inaitwa Kundi la Mchangamwamba Mwekundu, na kwa miaka mingi wataalamu waligombana, huyu anasema ni ya enzi za dinosaria, yule anasema ni changa mno, kila mtu ana ushahidi wake mkononi. Ukiangalia kwa mbali yote ni nyekundu. Walipokaa chini wakatembea tabaka kwa tabaka wakapima na zikoni za jivu ikaonekana kumbe kila upande ulikuwa na haki yake, ni vitu viwili vimelaliana. Chini kuna Fomesheni ya Galula, Kretasia, ndiko walikotoka dinosaria Rukwatitan na Mnyamawamtuka. Juu yake Fomesheni ya Nsungwe, ambayo jivu lake lilitoa miaka kama milioni 25. Katikati pamekosekana makumi ya mamilioni ya miaka, na jicho halioni chochote zaidi ya wekundu ule ule. Na ile milioni 25 haikuishia kuwa namba, maana mwaka 2013 vilitangazwa visukuku vya taya vya Nsungwe, Rukwapithecus wa upande wa masokwe na Nsungwepithecus wa upande wa nyani, vya miaka milioni 25.2, ndio vikaonyesha koo hizo mbili zilikuwa zimeshaachana wakati huo. Bila jina sahihi la tabaka na bila jivu, lile taya lingekuwa taya tu.

Mzee akaturudisha Lindi kwa njia ambayo sikuitegemea. Hans Reck, mwanajiolojia aliyefanya kazi hapa Tendaguru 1912, mwaka uliofuata ndiye huyo huyo aliyekwenda Oldupai, akakuta miamba ya ziwa na jivu la volkano vimepangana, akazipa tabaka namba kutoka chini, la kwanza mpaka la tano. Louis Leakey naye alipita hapa 1924 akiwa kijana na msafara wa Waingereza chini ya William Cutler, ambaye alifariki kwa malaria 1925 na akazikwa Lindi, ndipo Leakey akaja kwenda Oldupai 1931. Lile fuvu la Zinj, la jamaa wa kale wa binadamu, alilolipata Mary Leakey 1959 kwenye tabaka la kwanza lilikisiwa kuwa na miaka laki sita hivi, lakini 1961 jivu lilipopimwa kwa potasiamu na argoni, njia nyingine ya kupima umri, ikatoka milioni 1.75, karibu mara tatu. Na zile namba za Reck za juu nazo hazikudumu, mwanajiolojia Richard Hay alipokuja kuchambua upya aliweka majina ya mahali, Masek, Ndutu, Naisiusiu, kwa sababu vitu vilivyoitwa tabaka la nne na la tano vilikuwa zaidi ya viwili. Mi nafundisha Oldupai kila mwaka na sikuwahi kuiunganisha na kilima kilicho mkoa jirani na kwangu. Mwaka huu naanzia Tendaguru.

Chakula: wali wa nazi na changu wa kukaanga, wamefunga vizuri, umechelewa lakini mtamu, na njiani tulinunua ming'oko ya kuchemsha tukala na chumvi. Maji bebeni ya kwenu, yao hayatoshi. Hakuna choo kule, akina dada mjipange. Kofia na viatu vya kufunga lazima.

Kijitabu wanachogawa ndicho kimeniudhi. Ni fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa pili wanaandika tabaka za Tendaguru kwa mpangilio wa kale, ukurasa wa nne wanaweka memba sita, hakuna mahali wanasema hii ni ya zamani hii ni ya 2009, mwanafunzi akisoma peke yake atadhani ni miamba tofauti. Kwa watu ambao ziara yao nzima ni kuhusu majina, hili lirekebishwe upesi. Chati ya umri nayo haina rangi, picha ya zikoni imekuwa doa jeusi. Mzee anafafanua yote kwa mdomo, lakini mzee hatakuwepo kwenye kila darasa.

Kitu kimoja nawasifia bila kupunguza: hawaruhusu mtu kuokota hata kipande. Kijana mmoja aliinama akachukua kijipande cha mfupa, mzee akamwambia rudisha pale pale ulipokitoa, na rudisha kama kilivyokuwa kimelala, kwa sababu mabaki haya yanalindwa na sheria ya mambo ya kale na kwa sababu mfupa uliohama tabaka hauna umri tena. Kijana akarudisha. Mkienda na wanafunzi waambieni kabla ya kushuka garini.

Ombi langu kwa waendeshaji, waongeze siku ya Kilwa. Sote tukipanda basi la Dar tunapita Nangurukuru, ila ni wangapi wanajua kwamba 2006 lilichapishwa rasmi Kundi la Kilwa lenye fomesheni nne, Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande? Nangurukuru inaanzia Kretasia ya mwisho, Pande inavuka mpaka Oligosini, miaka kama milioni 34 iliyopita dunia ilipopoa. Mfinyanzi wa huku umetunza foraminifera, vile vijigamba vya baharini, mpaka bado vinang'aa kama kioo, na sampuli zilizochorongwa huku zimetumika kukadiria kaboni dioksaidi ya angani enzi hizo. Na Lindi nayo ina fomesheni ya jina lake, imechapishwa 2015. Vituo vya basi vimekuwa majina ya miamba inayosomwa dunia nzima, na sisi tunashuka kununua korosho tunapanda tena. Mzee anayajua haya, tulimuuliza akaeleza vizuri, ila hayapo kwenye ratiba. Wakiiweka mi narudi na darasa zima.

Kuweka nafasi, ongeeni nao mapema, ombeni mzee mwenyewe maana nasikia wakati mwingine wanatuma kijana mwingine ambaye ni dereva zaidi kuliko mwalimu, kubalianeni muda wa kuondoka na hela ya mwenyeji kwa maandishi, na chagueni Julai mpaka Oktoba barabara ikiwa kavu.